Kabati la gemu, kioo cha chogo na kaka anayetaka kuking'oa

SWALI

Shikamoo mzee wetu wa safu hii. Ninakuandikia kutoka Pasua, Moshi, ambako mimi na kaka yangu tuna kibanda cha gemu tulichokifungua kwa kuchangia mtaji nusu kwa nusu. Tuna televisheni mbili za flati na mashine mbili za PlayStation 2, na wateja wetu wengi ni vijana wa bodaboda wanaosubiri abiria, pamoja na watoto wa majirani wanaokuja siku za Jumamosi.

Mwezi wa kwanza mwaka huu hoteli moja ilikuwa inafunga chumba chake cha michezo, nasi tukanunua kwake kabati la gemu, lile la kusimama, lenye kioo cha chogo cha inchi 25, jostiki mbili, vitufe vitatu kwa kila mchezaji na tundu la kuingizia sarafu. Tulilipa shilingi 380,000, mbali na nauli ya kirikuu kilicholileta. Bodi yake ya gemu ilikuwa imekufa, lakini kioo kiliwaka, na ndani mlikuwa na soketi ndefu yenye meno mengi ambamo bodi ile ilichomekwa. Kaka alikubali tulinunue kwa sababu nilimwahidi kwamba nitaingiza kompyuta ndani yake, niweke programu ya RetroArch, inayoiga mashine za gemu za zamani, na watu wacheze humo gemu za nyumbani tulizokulia nazo: zile za kaseti za Nintendo na Sega, na za PlayStation ya kwanza.

Kompyuta niliijaribu peke yake kwa kioo chake, na gemu zote zilikwenda vizuri. Shida ilianza tulipoiunganisha na kabati. Fundi mmoja wa jirani alikata waya wa kioo cha kompyuta, akaziunga nyaya za rangi nyekundu, kijani na bluu moja kwa moja kwenye kioo cha kabati, kisha akaing'oa transfoma nzito iliyokuwa imefungwa sakafuni mwa kabati, akisema kwamba haina kazi tena kwa kuwa kompyuta ina umeme wake. Plagi ya kompyuta si ya pini tatu za hapa kwetu, kwa hiyo tumeichomeka kwa adapta. Tulipowasha, picha ilitokea mara mbili, moja kushoto na nyingine kulia, zote zimepinda na kukatwakatwa na mistari ya mshazari, huku kioo kikitoa mlio mwembamba unaochoma masikio. Tuliacha kiwake kwa dakika kama 5 tukidhani kitatulia. Siku iliyofuata mpwa wangu mwenye umri wa miaka 10 alishika skrubu ya paneli ya vitufe, akasema ameguswa na kitu kama ganzi.

Yapo na mengine. Vijana wanataka mpira, lakini vitufe ni vitatu tu. Sarafu ikiingia haifanyi chochote, maana gemu za nyumbani hazidai sarafu. Tena mwenyekiti wetu wa mtaa alipita, akaliona lile tundu, akatuuliza kama tumeleta dubwi, yaani mashine ya kamari.

Sasa kaka anasema amechoka. Anataka tuking'oe kioo cha chogo, tukiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, tufunge flati ya inchi 32 na tuweke padi za kawaida mbele yake. Mimi naona tukifanya hivyo hatutakuwa tena na kabati la gemu, tutakuwa na boksi lenye televisheni. Yeye ni mkubwa wangu na fedha zake zimo, na sipendi tugombane. Je, kioo hiki kinaweza kuonyesha gemu hizi, au nimemwingiza kaka yangu hasara?

Mwenye kibanda, Pasua


JIBU

Marahaba, mwanangu. Kabla sijafika kwenye swali lako, ninakuomba uchomoe kabati hilo ukutani leo hii, umweleze kaka yako sababu, na lisiwashwe tena mpaka transfoma ile irudi mahali pake. Natumaini fundi hakuondoka nayo.

Transfoma hiyo haikuwekwa kwa ajili ya bodi ya gemu. Vioo vingi vya makabati, hasa vya miaka ya 1980 na 1990, vilitengenezwa bila kinga ya ndani ya kutenganisha saketi zake na umeme wa ukutani, hivyo chasisi ya kioo, yaani bodi inayobeba saketi zake, pamoja na waya wake wa ardhi, hubeba umeme wa laini. Mtengenezaji wa kabati ndiye aliyetakiwa kuweka transfoma ya kutenganisha, ambayo hupokea volti 230 upande mmoja na kutoa umeme upande wa pili bila nyaya za pande hizo mbili kugusana. Ukiiondoa, ardhi ya kioo inakuwa na umeme, na fundi wako alipoiunga ardhi hiyo na ardhi ya kompyuta aliupeleka umeme wa TANESCO kwenye bati la kompyuta, kwenye paneli, na kwenye kila skrubu inayogusa bati. Kama kompyuta yako ingekuwa imefungwa ardhi inavyotakiwa, fyuzi ingekatika au swichi kuu ingejizima papo hapo. Haikuwa hivyo, nami sababu naiona katika adapta uliyoitaja: adapta nyingi za namna hiyo zina njia mbili tu na hazipitishi waya wa ardhi. Ganzi aliyoihisi mpwa wako inaweza kuwa ni umeme mdogo unaovuja katika pawasaplai ya kompyuta isiyo na ardhi, jambo ambalo hutokea mara nyingi, na inaweza kuwa ni umeme wa laini wenyewe uliopunguzwa nguvu na kandambili alizovaa. Usingoje mtoto ashike mara ya pili ndipo ujue ni upi.

Kwa kuwa kioo kiliwaka kwa dakika 5 bila kuunguza fyuzi, ninaamini transfoma yako ilikuwa ya kutenganisha tu, bila kushusha volti, lakini soma kibandiko chake kabla ya kuirudisha. Kata plagi ile ya kigeni uweke ya pini tatu, na umwite fundi umeme apime kama soketi ya kibanda ina ardhi kweli, maana soketi yenye tundu la tatu haina maana kwamba nyuma yake kuna waya. Kazi ya kurudisha nyaya za kioo mpe fundi wa televisheni mwenye umri wa kuzijua televisheni za chogo, naye aanze kwa kutoa chaji kwenye tyubu, ile chupa kubwa inayotoa picha. Nasema hivi kwa sababu mwaka wangu wa kwanza wa ufundi hapa Arusha niliingiza kidole chini ya kile kikombe cha mpira kilicho mgongoni mwa tyubu, kwenye televisheni iliyokuwa imechomolewa tangu asubuhi. Tyubu ya rangi hufanya kazi kwa takribani volti 25,000, na ile chupa yenyewe hutunza chaji kama kapasita. Ulisikika mlio mmoja mkavu, mkono ukarushwa nyuma, na kiwiko kikapasuka kwenye ukingo wa meza. Kovu ninalo hadi leo.

Sasa swali lako. Ndiyo, kioo hicho kinaweza kuonyesha gemu hizo, na kinaziweza kuliko flati yoyote utakayoinunua.

Kioo cha kabati la zamani huchora mistari ipatayo 15,700 kwa sekunde, sawa na televisheni ya chogo iliyokuwa sebuleni kwa wazazi wako. Kompyuta, kwa njia yake ya kawaida ya VGA, ule mlango wa zamani wa kuunganishia kioo, hutuma mistari 31,500 kwa sekunde, yaani mara mbili. Kioo kinapochora mstari mmoja, kompyuta imekwisha kutuma miwili, na hiyo ndiyo asili ya zile picha mbili, moja kushoto na moja kulia. Ule mlio mwembamba ni saketi ya mlalo ikihangaika kufuata kasi isiyoiweza, na kama mngeiacha kwa muda mrefu zaidi ingeweza kuunguza transista yake au flaibaki, transfoma ndogo inayoipa tyubu volti zake kubwa, ambayo kwa kioo cha aina hiyo si rahisi kuipata siku hizi. Mkisikia mlio huo tena, zimeni bila kujadiliana.

Fikiria pia gemu zenyewe zilitoka wapi. Mashine ya kaseti ya Nintendo iliingia sokoni Japani mwaka 1983, Mega Drive ya Sega mwaka 1988, na PlayStation ya kwanza mwezi Desemba 1994. Zote zilitengenezwa kwa ajili ya televisheni za chogo, kwa hiyo zote zilituma mistari ile ile 15,700 ambayo kioo cha kabati lako kinaielewa. Picha ya Nintendo ilikuwa na nukta 256 kwa 240, na ya Mega Drive mara nyingi 320 kwa 224. Wachoraji wake walijua kwamba kioo kitalainisha kingo za nukta na kuacha mstari mwembamba wa giza kati ya mistari ya picha, wakachora wakilitegemea jambo hilo. Sura ambayo kwenye flati huonekana kama vigae vya bafuni, kwenye chogo inakuwa sura ya mtu. Katika kabati lako, kioo na gemu ni ndugu wa ukoo mmoja. Mgeni asiyejua lugha ya nyumba ni kompyuta, na ndiye anayehitaji mkalimani.

Mkalimani huyo anauzwa. Ile soketi ndefu yenye meno, ikiwa ina meno 28 kila upande, ni ya kiwango cha JAMMA, ambacho Wajapani walikianzisha mwaka 1985 ili bodi ya gemu moja iweze kutolewa na nyingine kuchomekwa bila kubadili nyaya. Humo hupita rangi za picha, sauti, sarafu, jostiki na vitufe. Ipo bodi ndogo iitwayo J-PAC ambayo huchomekwa hapo upande mmoja na kwenye kompyuta upande wa pili. Huzikuza rangi za kompyuta, ambazo hazizidi volti 0.7, zifikie kiwango ambacho kioo cha kabati hukitarajia. Huizuia picha ya mistari 31,500 isikifikie kioo. Na huiambia kompyuta kwamba jostiki na vitufe ni kibodi cha kuandikia. Ndani ya kompyuta utahitaji kadi ya picha ya AMD Radeon ya zamani kidogo, yenye mlango wa VGA, na programu ya CRT_EmuDriver, inayoilazimisha kadi hiyo itume mistari 15,700. Kama kompyuta yako ni laptopu, njia hiyo imefungwa, na badala yake ungetafuta Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja, pamoja na bodi yake ya JAMMA. Raspberry Pi 3 au 4 inaimudu PlayStation ya kwanza bila taabu. Udhaifu wake ni kadi ya kumbukumbu, ambayo umeme ukikatika ghafla huweza kuharibika, na sihitaji kumweleza mtu wa Moshi habari za umeme kukatika ghafla. Mwenye Raspberry Pi anunue pia UPS ndogo, yaani betri ya kushikilia umeme unapokatika. Kwa vyovyote vile, ule uunganishaji wa nyaya moja kwa moja ufumuliwe wote.

Jambo moja linalosahaulika: gemu nyingi zilitolewa katika matoleo mawili. Matoleo ya Ulaya yalikwenda kwa picha 50 kwa sekunde, ya Japani na Marekani kwa picha 60, na gemu nyingi za Ulaya hazikurekebishwa, zikawa zinakwenda polepole kwa takribani asilimia 17. Chagua ya picha 60. Mchezaji hatajua ulichofanya, lakini mkono wake utajua.

Tuje kwenye mpira, kwa sababu hapa ndipo pesa yenu ilipo na ndipo watu wengi hukosea. Kiwango cha JAMMA chenyewe kilipangiwa vitufe vitatu kwa kila mchezaji, na makabati ya gemu za ngumi zenye vitufe sita yaliongezewa nyaya za pembeni. Nawe utaongeza hivyo hivyo. J-PAC ina nafasi za skrubu kwa ajili ya vitufe vya ziada. Pima kipenyo cha tundu la kitufe ulichonacho kabla ya kununua vingine, kwa maana vya Kijapani na vya Kimarekani havilingani. Mpira wa Winning Eleven kwenye PlayStation una kazi sita za msingi: pasi fupi, pasi ndefu, shuti, pasi ya kupenyeza, kubadili mchezaji na kukimbia. Ni sita kamili. Vitufe viwili vya nyuma vinavyobaki ni vya mafundi wa mpira, na mteja wa kibandani hatavilalamikia.

Ugumu umo katika kuvipanga. Kwenye padi, kukimbia ni kitufe cha nyuma cha R1, kinachoshikwa na kidole cha shahada kwa muda wote huku dole gumba likifanya kazi nyingine. Kwenye kabati mkono wa kushoto umeshika jostiki, na wa kulia peke yake unahudumia vitufe vyote sita. Ukiiweka R1 safu ya juu, kijana atakimbia vizuri mpaka kwenye kumi na nane, kisha atalazimika kukiinua kidole kile kile ili apige shuti, na mchezaji wake atapunguza mwendo mbele ya goli. Atasema kabati ni bovu. Iweke R1 safu ya chini, kitufe cha kwanza kushoto, mahali dole gumba linapoangukia lenyewe, kisha pasi fupi, shuti na pasi ya kupenyeza uziweke safu ya juu chini ya vidole vitatu vya katikati. Kaa na kijana mmoja mpenda mpira jioni nzima, mwangalie vidole na usimwangalie uso, na ubadilishe kwenye mipangilio ya RetroArch mpaka aache kuchungulia vitufe.

Usijaribu kuingiza kila gemu humo. Gemu za kutembea na kuhifadhi, zinazomchukua mtu wiki tatu kuzimaliza, hazifai kwa mtu aliyesimama na sarafu mfukoni, na gemu za Nintendo 64 zilizojengwa juu ya kijiti kinachopima umbali wa mkono hazifai kwa jostiki inayojua pande nane tu. Ila zipo gemu za nyumbani zilizozaliwa kwenye kabati. Tekken ya mwaka 1994 ilitengenezewa bodi ya Namco iliyojengwa juu ya vifaa vya PlayStation yenyewe, ikiwa na vitufe vinne, viwili vya mikono na viwili vya miguu. Ukiirudisha kwenye jostiki inakuwa imerudi kwao. Gemu 8 au 10 zilizochaguliwa vizuri zitaleta watu kuliko orodha ya gemu 2,000 ambayo mteja anamalizia dakika zake akiipekua. Ukishachagua, funga menyu ya RetroArch kwa hali yake ya kioski, yenye neno la siri, la sivyo siku ya kwanza tu mtoto atafuta mipangilio yote.

Kuhusu sarafu, tatizo lako liliwapata wenye kampuni zenyewe, na jibu lao linatosha. Mwaka 1986 Nintendo ilitoa kabati liitwalo PlayChoice-10, lililobeba hadi gemu 10 za mashine yake ya nyumbani. Kwa kuwa gemu hizo hazikuandikwa kudai sarafu, kabati liliuza muda: sarafu iliongeza sekunde kwenye saa, na mchezaji aliweza kuhama kutoka gemu moja hadi nyingine ndani ya muda wake. Sega ilifanya vivyo hivyo kwa Mega-Tech. Nawe uza dakika, kama mnavyofanya kwenye zile flati. Nunua kipokea sarafu cha kulinganisha, kile ambacho ndani yake unaweka sarafu ya mfano, tuseme ya shilingi 200 au ya 500, nacho kinakubali zinazofanana nayo tu, pamoja na bodi ya kuhesabu muda. Tahadhari moja: watu wengi huifanya bodi hiyo ikate umeme wa kompyuta, na kompyuta haipendi kukatiwa. Ifanye ikate ule waya wa ardhi ambao vitufe vyote vinauchangia. Muda ukiisha vitufe vinanyamaza, picha inabaki, na sarafu ikiingia vinaamka. Weka na taa ndogo nyekundu inayowaka dakika ya mwisho, ili mtu asikatwe akiwa anapiga penalti.

Mwenyekiti wa mtaa hakukosea kuuliza. Mashine za kubahatisha zipo chini ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, kwa sheria ya mwaka 2003, na kumwachia mtoto acheze dubwi si kosa dogo. Mwalike, umfungulie mlango wa nyuma, umwonyeshe kwamba hakuna mahali pesa inapotokea, na uandike mbele ya kabati kwa herufi kubwa kwamba sarafu inanunua dakika na hakuna ushindi wa fedha. Ukapite pia kwa afisa biashara wa manispaa, kwa sababu leseni yenu huenda haitaji mashine ya sarafu.

Lipo jambo hujaliuliza, nami sitakuficha. Emuleta ni programu inayoiga mashine, na kuwa nayo si kosa. Gemu zenyewe zina wenyewe, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawalinda hapa Tanzania kama inavyomlinda mwanamuziki wa Moshi. Kunakili gemu kutoka intaneti na kuzitoza watu ni tofauti kabisa na kucheza kaseti yako sebuleni, na hata diski halali uliyoinunua haikupi ruhusa ya kuifanyia biashara. Tena baadhi ya emuleta zenyewe, Snes9x na Genesis Plus GX zikiwa miongoni mwake, zimetolewa kwa masharti kwamba zisitumike kibiashara. Ushauri wangu ni kwamba ule mfumo wa sarafu usubiri mpaka umekwenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kuuliza, na kwamba gemu utakazotoza fedha ziwe zile ambazo wenyewe wamekuruhusu. Wapo watunzi wanaoandika gemu mpya kwa mashine hizi za zamani hadi leo, wengine ni mtu mmoja na meza yake, na barua yenye adabu kutoka Moshi ikieleza kabati moja na mapato yake huwa inajibiwa. Ninajua kwamba neno hili linapunguza ile ahadi uliyompa kaka yako, na linapunguza mpira kwanza. Heri alisikie kwako.

Naye kaka yako ana hoja, umsikilize. Flati haili umeme mwingi, ni nyepesi, na fundi wake yupo kila kona. Lakini ajue anachokinunua. Gemu hizi zina picha ya umbo la nne kwa tatu. Ndani ya flati ya inchi 32, picha hiyo bila kuvutwa inabaki ya inchi 26 hivi, na pembeni panakuwa na weusi. Ataongeza inchi moja tu juu ya 25 mlizonazo. Flati nyingi pia huichelewesha picha, na kwa gemu ya picha 60 kwa sekunde, kila milisekunde 16.7 ya kuchelewa ni picha moja nzima, hivyo ngumi inafika baada ya mpinzani kuondoka. Zile zenye hali ya gemu katika mipangilio huwa nafuu. Kama tyubu yenu ingekuwa imekufa, ningesema fungeni flati na muendelee na maisha. Bado hatujajua kama imekufa, na kabla ya kuagiza chochote mnaweza kujua kwa kifaa ambacho tayari kipo kibandani.

PlayStation 2 yenu hutoa picha ya mistari 15,700 yenyewe. Transfoma ikisharudi, na ardhi ikishapimwa, tafuta waya wa PlayStation wa aina ya SCART unaobeba rangi tatu, ingia kwenye mipangilio ya mashine uchague RGB, yaani nyekundu, kijani na bluu, na umpe fundi wa televisheni aunge rangi hizo kwenye kioo. Mwambie kwamba alama ya mapigo ya picha, inayokiambia kioo lini kuanza mstari mpya, imechanganyika na picha, hivyo aitenge kwa IC ndogo ya LM1881. Picha itakuwa hafifu kwa sababu rangi hazijakuzwa, na hilo lisiwatie wasiwasi. Fanyeni jaribio hilo kaka yako akiwepo. Ikitokea picha moja iliyotulia, mwombe akupe muda wa kuagiza J-PAC. Ikitokea giza, au mstari mmoja mweupe katikati, fundi aangalie kwanza chasisi kabla ya kuilaumu tyubu. Kisha niandikie namba zilizo kwenye kibandiko cha chasisi na zile zilizo kwenye kibandiko cha tyubu, nami nitakuambia ni vipuri gani vinavyoingiliana na televisheni za kawaida ambazo mafundi wa Majengo bado wanazo stoo.